Dada Asiyemwamsha Mtu

Muuguzi mmoja wa wodi yetu ya wanaume, hapa Butembo, ana vidole vilivyopauka kwa sabuni. Mgonjwa ambaye ndugu zake hawaji, yeye humfulia nguo kwa siri, halafu humwekea kitandani. Mzee mmoja mgonjwa, wa kijiji cha Kyavinyonge, muuguzi humdanganya hivi, bila sauti kutetemeka: «Dada yako alipita asubui, ulikuwa unalala.»

Leo wageni wa bureau, ofisi ya afya, walisimama wodini kupima nani kati yetu wauguzi husaidia bila kuombwa. «Munyanyue mikono!» Sote tukainua. Muuguzi yule akaficha yake mifukoni, macho chini, kama aliyeshikwa akiiba. Ndipo mzee yule akatuuliza sisi wauguzi toka kitandani:

«Baganga, juu ya nini dada yangu akikuja haniamushake?»

Mkono wangu ulikuwa bado juu.