Pampu Iliyomwaga Maji

Swee Gaik alikuwa akitengeneza programu za pampu za dripu za hospitali katika kiwanda kimoja mjini Bayan Lepas. Alipohamisha kompyuta yake kutoka mfumo wa Windows kwenda wa Linux, alisakinisha upya zana zake za kugeuza msimbo kuwa programu, akaijenga tena programu ileile ya pampu. Haikutoa kosa hata moja, lakini yeye akasita kuiamini.

"Sasa unaogopa nini, dada? Twende tukale," alisema Rosmah, mwenzake.

"Ngoja tuijaribu kwa maji kwanza."

Waliiamuru pampu idondoshe polepole. Ikamwaga mfuko mzima wa maji papo hapo. Swee Gaik akamwona akilini mgonjwa akimiminiwa dawa yote kwa mara moja.

Alipokagua, kumbe alikuwa amesakinisha toleo jipya la zana, lililogeuza vingine hesabu ya kasi ya matone bila kutoa onyo. Alirudisha la zamani, akajenga tena, na matone yakadondoka polepole. Hata hivyo hakuthubutu kuondoka. Alikaa akiyahesabu moja moja, asije akawa ameacha kosa jingine lisilojionyesha.