Nani Alimuua Mwenye Kinu

Kitabu kile kilinuka ukungu na moshi wa kuni. Shangazi yangu Rasoa alikuwa akifua na kupiga pasi nyumbani kwa mzungu mwenye shamba, na mama wa nyumba ile alikitupa kilipoloa mvua. Shangazi akakiokota, akakikausha juu ya meko yetu kwa siku tatu mpaka kikajikunja kama ganda la mti. Tuliishi kambi ya wafanyakazi nje ya Eldoret, upande wa Ainabkoi, ambako mvua ya Julai ikianza mchana hakuna anayetoka tena. Basi kila Jumapili baada ya kanisa wanawake walijaa jikoni kwetu, na shangazi, aliyejifunza Kiingereza misheni, akatusomea huku akitafsiri.

Ilikuwa hadithi ya zamani, enzi za mishumaa na magari ya farasi. Tajiri mwenye kinu cha kusaga ngano amekutwa amekufa katika nyumba ya mawe, jaji ametumwa kuchunguza, na kila jioni sauti ya marehemu mke wa tajiri inasikika ikiimba ndani ya ukuta. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka kujua nani alimuua yule mtu.

Lakini hawakuniacha nijue. Shangazi akimaliza mistari mitatu, jirani yetu Mama Chebet anamkatiza. "Huyo jaji yuko njiani tangu asubuhi. Hakuna aliyempa hata chai?" Basi watu wanajadili chai. Theluji ilipoanguka ndani ya hadithi, Jumapili nzima iliisha kwa kubishana kama ni sawa na mvua ya mawe.

"Shangazi, endelea tu," nilimsihi.

"Ngoja, Rispa. Mgeni amefika, hajapewa hata maji."

Kisha akaja baba. Alikuwa karani wa shamba na mzee wa kanisa, na siku hiyo alisimama mlangoni akasikia habari za marehemu kuimba. Akamnyang'anya dada yake kitabu. Mume wa shangazi alikwenda vita vya Burma, na kilichorudi ni barua tu. Msimu ule shangazi alikuwa ameanza kuzungumza naye huku akipiga pasi, akimweleza habari za mahindi na za mvua. Mimi nilizoea. Baba hakuzoea.

"Sitaki kitabu kikufundishe kumngojea mtu aliyezikwa," alisema.

"Wewe ulimwona akizikwa?" shangazi akamuuliza. "Hata mimi sikumwona."

Baba akaenda nacho ofisini. Wiki moja baadaye, katikati ya chakula cha mchana, akasema bila kuulizwa na mtu, "Ni daktari. Alimtilia sumu kwenye divai." Kumbe alikuwa anakisoma mezani pake. Nilikasirika mpaka nikaacha ugali wangu. Jumapili zote zile, halafu anatoboa siri huku anatafuna mboga.

Shangazi aliuliza jambo moja tu. "Na yule mke?"

"Huko sijafika."

"Umefika," shangazi akasema, akaondoka.

Jumapili iliyofuata baba aliingia jikoni na kitabu, akaketi kati ya wanawake, akasoma sura ya mwisho kwa sauti ile ile ya kusomea matangazo ya kanisa. Jaji alieleza sumu, akaeleza funguo, akaeleza nyayo. Wimbo hakuueleza. Alisimama mbele ya ukuta, akasikiliza, akavaa kofia yake, akaenda zake.

"Basi, ni hivyo tu?" Mama Chebet akauliza.

"Ni hivyo tu."

Nilitaka kukitupa motoni. Lakini shangazi alimwomba kaka yake arudie ukurasa ule, na baba akarudia, polepole. Hapo shangazi akalia, mara ya kwanza tangu ile barua ifike. Baba aliketi karibu naye asijue aweke wapi mikono yake, na Mama Chebet akaepua chai iliyokuwa inafurika. Tangu siku hiyo sikumsikia tena shangazi akizungumza na marehemu.

Sasa mimi ni mwalimu mstaafu, naishi mtaa wa Pioneer mjini Eldoret, na nina kabati zima la vitabu vya namna ile. Juzi nilimaliza kimoja kwa siku mbili bila mtu kunikatiza hata mara moja. Kina muuaji, kina mzimu, na kimeandikwa vizuri. Nilikifunga, nikatazama huku na huku sebuleni, nikitafuta wa kugombana naye.