Vyumba Vilivyouzwa Kama Robota

Mwaka wenyewe siujui kwa tarakimu, naujua kwa mdomo. Unga wa njano tuliokuwa tukiupangia foleni tulikuwa tumeshausahau, sukari inakaa dukani mpaka inachoka kukungoja, na pale Kariakoo watu wazima, wenye ndevu zao, walikuwa wameanza kula chipsi zilizopigiwa mayai, wamesimama, mafuta yanawatiririka hadi kwenye viwiko. Ilikuwa ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kula njiani kama mbuzi. Mwaka huo ndio nilimwoza binti yangu wa mwisho.

Nilikuwa nauza mitumba karibu na soko. Shule niliiacha darasa la pili, lakini robota la nguo nililijua kuliko aliyelifunga. Robota hulifungui kabla hujalilipia, ndiyo sheria yake. Unalibonyeza pembeni, unalinusa, unamtazama muuzaji usoni, unasema bismillahi. Mara nyingi nilipata magauni safi. Nikipata makoti ya baridi, nawauzia watu wa Mbeya. Nasema haya mjue kwamba sikuwa mjinga. Nilikuwa fundi.

Posa ilitoka Tabora. Bwana harusi mpole, hana neno, lakini alikuwa anakuja na mama yake na ndugu watano, kwa treni. Nyumba yangu ya Magomeni ilikuwa imejaa ndugu zangu wa Kisarawe waliowahi wiki mbili kabla, ati kunisaidia, na msaada wao wote ulikuwa wa kutafuna. Wakwe nitawalaza wapi? Mwanangu anakwenda kuishi nyumba moja na mama yule. Mgeni ukimlaza ukumbini kwenye mkeka, anahesabu nyufa za ukuta, na kila ufa atakuja kumsomea mwanao siku chumvi itakapozidi kwenye mchuzi. Basi nikautangazia mtaa mzima: wakwe zangu watafikia hoteli.

Nilishasema kabla sijauliza bei. Nilipokwenda kuuliza, kwenye hoteli yenye zulia, mlinzi alizitazama kandambili zangu kwanza, mimi baadaye. Bei nilipoisikia nilikaa kwenye ngazi.

Mtaa wa Msimbazi kulikuwa na bwana mmoja wa Kilimanjaro, ana duka la betri na chupa za chai. Wanawake wa sokoni wakaniambia huyo ana vyumba vya nusu bei.

"Hoteli gani?" nikamuuliza.

"Mama, hilo ndilo siwezi kukutajia. Nikikutajia jina utakwenda mwenyewe, mimi nitakula nini? Na mwenye nyumba hataki anayelipa bei kamili ajue kwamba jirani yake kalipa nusu. Unanilipa, halafu nakupeleka mpaka mlangoni."

Mwingine angeondoka. Mimi nilicheka. Kumbe ni robota! Mjukuu wangu, yule mwenye digrii mbili, na mnamjua kwa kuwa huwa sinyamazi juu yake, anasema siku hizi simu inauza vyumba hivyo hivyo, jina unaambiwa ukishalipa. Nikamwambia, mwanangu, hayo sisi tulishayafanya Msimbazi bila hata umeme.

Nikaanza kulibonyeza robota langu.

"Vitanda?"

"Vya mninga, mama."

"Vyandarua?"

"Vipya."

"Baa iko chini?"

"Harufu ya bia hutaisikia."

"Na wasichana wa kusimama mlangoni?"

"Mama! Pale hata mimi naogopa kupita na sigara."

"Mwenye nyumba ni mtu gani?"

Hapo yule bwana akachangamka. "Mjane mmoja, mtu mzima, msafi huyo! Shuka anafua mwenyewe, uji wa asubuhi anapika mwenyewe. Mwanamke mwenye adabu zake, hana makuu."

"Huyo ndiye ninayemtaka," nikasema. "Mji huu umebakiwa na wanawake wa namna hiyo wawili watatu."

Nikalipa.

Treni ilifika asubuhi. Mkwe wangu, mama wa bwana harusi, alishuka kwa ubavu, maana mlango wa behewa haukumtosha, kabeba debe la asali na jogoo kambana chini ya kwapa. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na utani ulianza kabla ya salamu.

"Mtani, hiyo hoteli yako ina mlango wa kunipitisha mimi?"

"Ukikwama tutavunja ukuta, mtani."

Mizigo ikapakiwa mkokotenini, yule bwana wa betri akatangulia, tukamfuata kwa miguu kuelekea mitaa ya Gerezani. Mimi natembea kama mwenye mji. Tukakata kushoto. Tukakata kulia, nikaujua mtaa.

Mtaa ule nilikuwa sijaukanyaga miaka tisa. Ndiko anakoishi mke mwenzangu. Marehemu mume wangu alimwoa kwa siri, mimi nikajua kwa pua: alirudi nyumbani ananukia mafuta ya nazi yenye karafuu, na mimi karafuu natia kwenye pilau tu. Alipokufa, mimi nikabaki na nyumba ya Magomeni, yeye ya Gerezani, na tangu siku ya arobaini nikaapa sitaupita mtaa wake. Nikienda stesheni nazunguka, nikienda mazishi nazunguka. Ndiyo maana mji mzima ulijua kwamba kapiga nyumba rangi ya kijani na anapangisha vyumba kwa wasafiri, isipokuwa mimi.

"Ndiyo hapa, mama," akasema yule bwana.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka, shuka begani, ananukia sabuni. Tukatazamana.

"Karibuni, wageni," akasema. Kisha, taratibu: "Karibu, dada. Ni miaka."

"Kumbe mnajuana!" mkwe akasema.

"Tunajuana, mama," mwenzangu akamjibu. "Tulikuwa na mume mmoja."

Yule bwana akakumbuka kwamba betri zake zimebaki juani, akaondoka bila kuaga. Mimi niliiona ndoa ya mwanangu inapanda treni kurudi Tabora mchana ule ule.

Lakini mkwe alitutazama, huyu kisha huyu, akapiga vigelegele. "Jamani, tazameni utu! Hakutupeleka kwa watu baki, katuleta kwa mke mwenzie! Nyumba yenye wake wanaopendana hivi, binti yake atakuwa asali."

Nimeletewa uongo umeshaiva, umepakuliwa, kazi yangu ni kutabasamu tu. Mwenzangu naye akaona pa kunichomea.

"Chumba cha mwisho kiko wazi, dada. Na wewe lala hapa na wageni wako. Bure."

"Lala, mkwe!" yule mama akasema. "Tule pamoja, tulale pamoja!"

Wote wananingoja. Kichwa kikaniambia sema ndiyo, ni kwa ajili ya mtoto. Mdomo wangu haujawahi kukisikiliza kichwa.

"Kwako silali, sili, na maji yako sinywi."

"Maji ni ya bomba, dada," akajibu. "Si yangu, ya serikali."

Mkwe akakaa juu ya mzigo. Nikadhani anazimia. Kumbe anacheka, kanga inamvuka, jogoo kamponyoka.

"Afadhali!" akasema, anajifuta machozi. "Mimi nina wake wenza wawili kule. Nilipowaona mnaitana dada hapa, nikasema hawa watani zetu ni wachawi, mwanangu kaposa wapi? Sasa nimewajua. Binti wa mama anayesema anachokichukia, siku akinichukia nitaambiwa usoni. Huyo namchukua."

Wakakaa siku nne. Kila mchana nilitoka Magomeni na sufuria la chakula, nikafika mlangoni, nikalikabidhi kwa juu ya kizingiti bila kuvusha hata ukucha. Mkwe anakula uji wa yule na wali wangu, na mchana kweupe, mbele yangu, anausifia uji. Siku ya harusi mwenzangu akaja kwangu na sinia la vitumbua. Nilimkaribisha, maana niliapa mimi, sikumwapia yeye. Alikula sahani tatu. Sikukusudia kuhesabu.

Siku ya kuondoka tulikuwa wote stesheni. Binti yangu dirishani, wanja umemtiririka mpaka kidevuni. Mkwe akatoa kichwa juu yake.

"Mtani! Mjukuu akizaliwa namleta mjini, na tutafikia kule kule! Na wewe utalala kule kule!"

Mwenzangu kasimama kando yangu, kabeba kikapu cha wasafiri. "Chumba kipo, dada. Wengine nusu bei, wewe bure."

Treni ikapiga honi.

"Mama," mwanangu akaniita, "mjibu basi mwenzio."

Nikamjibu.

"Kwako silali, sili, na maji yako sinywi."