Gari la Kwenda Ukweni

Enzi zetu pale Isevya, mtoto wa mwenye gari hakuwa mtoto wa kupanda gari. Alikuwa mtoto wa kulifuta. Nyinyi mliokulia Tabora miaka ile mtanielewa. Magari ya watu binafsi mtaani kwetu yalikuwa ya kuhesabika, na la baba yangu lilihesabiwa la kwanza ingawa ndilo lililotembea kidogo kuliko yote. Lilikuwa pikapu la bluu, alilolinunua kwa mfanyabiashara wa tumbaku aliyekuwa anahama Urambo. Baba alifanya kazi reli na kazini alikwenda kwa baiskeli. Mama sokoni alikwenda kwa miguu. Jumapili tulikwenda kanisani sote kwa miguu, tukilipita gari letu uani limejifunika turubai kama mgonjwa wa malaria.

Siku yake ilikuwa Jumamosi. Tukishakunywa uji na matobolwa, yale ya viazi vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama mbao, na kabla hatujaruhusiwa kwenda kucheza rede, Baba alitoka na kaptula yake ya kaki na kila mtu akajua zamu yake. Kaka yangu Maganga alivuta turubai. Mimi nilitoa majani makuukuu ya tumbaku chini ya viti na kwenye boneti, nikaweka mapya, kwa sababu panya wa Isevya walipenda nyaya kuliko karanga na hakuna kingine kilichowafukuza. Mpaka leo nikinusa tumbaku kavu napiga chafya na nakumbuka nyumbani. Betri haikulala nje. Ililala chumbani kwa wazazi, juu ya ubao, vichwa vyake vimepakwa grisi, na Mama alikuwa akisema betri ile inaheshimiwa kuliko ndugu zake, maana ndugu zake wakija wanalala sebuleni kwenye mkeka.

Betri ikishafungwa, Baba alipiga jeki, tukaondoa magogo ya mninga yaliyobeba gari ili matairi yasibonyee upande mmoja. Halafu aliwasha injini, na hapo hakuna mtu kuongea. Baba aliinamisha kichwa akisikiliza, uso umekunjamana, na sisi tulisikiliza naye ingawa hatukujua tunasikiliza nini. Akiridhika, alilipeleka mbele mpaka kwenye uzio wa minyaa, akalirudisha nyuma, akazima. Safari imekwisha. Watoto wa majirani waliokuwa wamening'inia kwenye uzio walitawanyika, na mimi na Maganga tulitembea mtaani siku nzima tukinuka petroli kwa makusudi. Kijana wa leo ukimwambia kwamba tulijivunia gari lililokwenda hatua chache na kurudi, anakutazama kwa huruma.

Sasa, gari lile lilikuwa linangoja nini? Lilikuwa linangoja kwenda ukweni. Mama alizaliwa kijiji kimoja mbele ya Kaliua, na mama yake, yaani bibi yetu, alikuwa bado yupo huko, magoti yamemkatalia safari. Baba aliponunua gari, neno la kwanza alilomwambia Mama ni kwamba atampeleka kwao kwa gari lake mwenyewe, akae mbele, ashuke mbele ya mama yake. Mama aliishikilia ahadi ile. Hakuomba vitenge wala bangili. Aliomba siku hiyo moja tu.

Lakini baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa kizamani, na ukweni alikuogopa. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake waliheshimiana kwa kujitenga. Hawakula pamoja, hawakutazamana usoni, na mwanaume akimwona mkwewe anakuja njiani, yeye ndiye aliyekwepa. Basi mfikirie mtu kama huyo, gari limemzimikia kwenye uwanja wa mama mkwe, amelala chali chini ya injini, miguu nje, oili inamchuruzika, na mashemeji wamekunja mashati wanasukuma. Jambo hilo lilikuwa limempata mfanyakazi mwenzake, na wanawake wa kijiji kile walimtungia wimbo wakaucheza msimu mzima wa mavuno. Baba aliusikia wimbo ule kwa masikio yake. Akaapa kwamba ukweni haendi na gari la kusukumwa.

Kwa hiyo alilitengeneza. Na kila alipolitengeneza hapa, liliharibika pale. Masika njia ilikuwa tope, kwa hiyo tungoje kiangazi. Kiangazi kilipofika breki zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Breki zikapona, mipira ya matairi ikapasuka nyufa kwa kusimama juani. Yakapatikana matairi mengine, petroli iliyokaa kwenye tangi ikaziba njia zake. Mama alimwambia mara nyingi, akiwa anachambua mchele, bila hata kuinua macho, "Baba Maganga, gari linaumwa kukaa. Litembeze."

"Litatembea," Baba alijibu. "Niache kwanza niliamini."

Mama akaendelea kwenda kwao kwa treni, na kifurushi chake cha sukari na chumvi, akashuka Kaliua na kumalizia kwa miguu. Akirudi alileta asali, kuku, na salamu za Bibi kwa mkwewe. Salamu zilikuwa zile zile. "Mama anasema njia ya gari lako tayari. Amewaambia vijana wafyeke kutoka barabara kubwa mpaka uani." Mwaka uliofuata majani yalikuwa yameota, na Bibi alikuwa amewaambia wafyeke tena. Baba aliposikia hivyo alitabasamu kwa aibu, kisha alikwenda nje kuangalia maji ya rejeta.

Habari ya msiba wa Bibi ilitufikia asubuhi kwa simu ya stesheni. Baba alirudi na baiskeli kutoka kazini, na nilipomwona anaingia getini saa ile nilijua kuna jambo. Hakutuambia sisi. Alimwita Mama ndani. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye turubai, na safari hii hakungoja mtu wa kuvuta. Alifunga betri, akaondoa magogo. Gari liliwaka mara moja.

Lilikwenda vizuri. Nataka niseme hivyo kwa sababu jambo hilo linaniuma mpaka leo. Lilipita mchanga, likapita mashimo na madaraja ya mbao, halikukohoa hata kidogo. Mama alikaa mbele, mahali pale alipoahidiwa, khanga imefunika kichwa. Sisi tulikuwa nyuma na ndugu wengine. Tulipoacha barabara kubwa tulikuta njia imefyekwa safi, visiki vimeng'olewa, pana ya kutosha gari kupita bila kuguswa na jani. Vijana walisema Bibi aliwasimamia mwenyewe mavuno yalipokwisha, ameketi kwenye kigoda.

Mashemeji walilizunguka gari. Mmoja alisema, "Shemeji, chombo chako kizima kabisa." Baba alisimama ameshika mlango uliokuwa wazi. Mama alishuka, akajifunga khanga vizuri kiunoni, na kabla hajaelekea kwenye vilio alimgeukia. Hakuwa na hasira. Alisema kwa sauti yake ya kila siku, "Limefika bila kusukumwa, Baba Maganga."

Tuliporudi Tabora, Baba aliyapasua magogo ya mninga yakawa kuni. Kuanzia hapo gari lilitembea kila siku. Lilibeba wagonjwa, maharusi, mahindi ya majirani, hata mbuzi. Lilizimika mbele ya soko na watu wakalisukuma huku wakicheka, naye akacheka pamoja nao. Lakini Mama hakupanda tena. Baba alikuwa akimkuta njiani na kikapu kichwani, anasimama, anamfungulia mlango, na Mama anamjibu kwa upole, "Tangulia, nitakukuta." Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona namna Baba alivyoufunga ule mlango.

Baba alishatangulia mbele ya haki. Gari lipo uani Isevya, mimi ndiye ninayelitunza, na siku hizi linatembea kidogo tena, uzee wake tu. Watoto wa Maganga wananiambia, "Shangazi, hicho chuma kikodishe watu wa harusi wapigie picha." Nawacheka na wao wananicheka. Wao hata boneti ya magari yao hawajui inafunguliwaje. Taa ikiwaka nyekundu wanapiga simu. Na ukweni wanakwenda hivyo hivyo, na gari la kuazima. Nilihudhuria posa moja ambapo gari la mkwe liligoma kuwaka wakati wa kuondoka, na mama mkwe mwenyewe akavua viatu vyake virefu akaja kusukuma, huku mkwe anamwelekeza kutoka dirishani. Zamani ningesema dunia imekwisha. Siku ile nilitazama pembeni, kwa sababu niliona wivu. Heri yao wasio na aibu, wanafika wakati mwenyeji bado anaweza kutoka mlangoni.

Njia ya kwenda Kaliua sasa ni ya lami. Mwaka jana baada ya Krismasi nililisafisha gari, nikabadilisha oili, nikalizungusha mtaani mpaka nikaridhika. Nilijiambia kwamba nitamaliza kazi aliyoiacha Baba. Mama alikuwa ameketi barazani, amekuwa mdogo sana siku hizi, anachambua mchele kwa kupapasa kwa kuwa macho hayaoni vizuri. Nikamwambia gari ni zima, twende kesho, ukae mbele, nikupeleke kwenu.

Alipeta mchele kwenye ungo. "Kwa nani, mwanangu?" akauliza.

Kule hakubaki hata mmoja wa kwao wa kutoka mlangoni, nikaketi karibu naye tukachambua mchele.