Kombo, Mama Mkwe na Magari Mawili ya Mgiriki

Mdogo wangu Kombo Msabaha alikuwa mpishi hodari, na alikuwa mtu asiyeweza kuchagua. Ukimtuma sokoni akanunue samaki, atasimama kati ya changu na tasi mpaka samaki waanze kunuka na muuzaji aanze kutukana, kisha atarudi nyumbani na mchicha. Asubuhi ya harusi yake alizitandika kanzu mbili kitandani, zote nyeupe, zote mpya, akazitazama mpaka jua likapanda. Mimi dada yake, Mosi, ndiye niliyeingia chumbani nikamvisha mojawapo kwa nguvu. Hakujua nimemvisha ipi, wala mimi sikujua.

Watu walikuwa wakimcheka na mimi nikicheka nao. Lakini mwaka ule wa 1954 tabia hiyo nusura impokonye mke, na hapo kicheko kilinikauka.

Paa la nyumba yao, pale Bagamoyo, lilikuwa limechakaa. Ashatu, mkewe, alimwomba aliezeke upya kabla ya masika. Kombo akakubali papo hapo, maana kukubali hakukumsumbua hata kidogo. Kilichomsumbua ni kama aezeke makuti kama alivyofanya baba yetu, au aweke mabati kama watu wa kisasa. Makuti yana ubaridi, mabati yanadumu. Makuti yanaingia panya, mabati yanapiga kelele. Akamuuliza huyu, akamuuliza yule, masika ikaingia naye bado anauliza. Ashatu alikihamisha kitanda kutoka kona hadi kona akikimbia matone. Kona zilipomwishia, alifunga vitu vyake akaenda zake kwao Fukayosi.

Mama yake, Bi Mwanamkasi, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alituma salamu na mpita njia: masika ikiisha, mkwe wangu aje anichukue nikaione hiyo nyumba kwa macho yangu. Nikimkuta ni mtu wa kukata shauri, mke wake atarudi. Nikimkuta bado anauliza watu, atoe talaka tusichoshane. Na asiniletee lori, lori linanitapisha.

Salamu hizo zilimkuta Kombo jikoni kwa tajiri wake akikanda unga. Nilipofika alikuwa amefuta machozi kwa mikono ile ile, uso wote mweupe. "Dada, nampenda Ashatu," akaniambia. Nilimhurumia sana, na papo hapo nilitamani kumpiga mwiko.

Tajiri wake alikuwa Mgiriki mmoja, Bwana Stavro, msimamizi wa shamba la mkonge. Mtu mwema, mnene, mpenda usingizi wa mchana. Alikuwa na magari mawili madogo ya aina moja, la zamani na la sasa, kila moja la kuchukua watu wawili tu, bila paa ila turubai la kukunja. Magari yale hayakubeba gunia, hayakubeba mbuzi, hayakubeba hata watoto. Watu wa Bagamoyo walistaajabu mtu mzima kununua gari lisilobeba kitu, tena akarudi dukani kununua jingine.

La zamani lilikuwa la kijani, limetoka kiwandani mara tu baada ya vita. Lilisimama juu juu kwenye magurudumu membamba yenye njiti kama za baiskeli. Lilikuwa na kiti kimoja kipana cha kukalia wawili, na ubao wa kukanyagia ubavuni, mtu akapanda na kushuka kama yuko ngazini. Kioo chake cha mbele kililazwa chini, ukapata upepo safi na wadudu wa kutosha mdomoni. La sasa lilikuwa jekundu, limekaa chini, nono, magurudumu yake madogo na mapana. Viti vyake vilikuwa viwili mbalimbali, springi laini, na bampa zinang'aa mpaka kuku wakizipita wanapigana na sura zao.

Bwana Stavro alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Akamwita Kombo barazani. "Kombo, nitapakia gari moja melini. Moja nakuachia wewe. Nayapenda yote, mimi siwezi kuchagua. Chagua wewe, uniambie kabla ya Ijumaa."

Yaani katika Tanganyika nzima, Mgiriki yule alimtafuta mtu wa kumchagulia, akampata Kombo!

Kuendesha alikuwa anajua, kwa kuwa Bwana Stavro akishakula alipenda kupelekwa mpaka ofisini amelala. Shida ilikuwa lipi. Jioni ile ile akalipeleka shauri barazani kwa Haji, muuza kahawa, na kabla birika halijaisha watu waligawanyika pande mbili. Haji alisimama na la kijani. "Litazame lilivyosimama, lina heshima zake! Hili jekundu limechuchumaa kama mtu anayetafuta sindano." Wa upande wa pili wakasema la kijani linatikisa maini mpaka yahame mahali pake. Watu wasio na hata baiskeli waligombana, wakanyimana tumbaku. Kombo katikati, kila anayesema anamtikisia kichwa.

Kesho yake akaja kwangu. "Dada, lipi?"

"Mkweo utamchukua kwa lipi?" nikamuuliza.

Akatoa macho. Hakuwa amelifikiria hilo.

Nyinyi vijana wa sasa mnakula sahani moja na wakwe zenu, kwa hiyo niwaeleze. Sisi mwanamume hakai mkeka mmoja na mama mkwe. Hamtazami mkwewe usoni. Wakikutana njiani, mwanamume anatoka, anaingia majanini, anainamisha kichwa, anaamkia, anangoja apite. Sasa mtu huyo huyo umpakie kwenye kiti cha kijani, bega kwa bega, na kila shimo likurushie mama wa watu mapajani! Na jekundu je? Viti mbalimbali, ndiyo, lakini fimbo ya gia iko katikati, kila ukiishika mkono uko jirani na goti lake. Tena limekaa chini mno. Bi Mwanamkasi ana magoti mabovu, akishaingia mle hatoki mpaka avutwe mikono. Avutwe na nani? Na mkwe?

Kombo alifikiri siku nzima, na wali wa Mgiriki ukaungua. Alhamisi asubuhi akaja akiruka. Amepata.

"Nitakwenda na yote mawili! La kijani nitaendesha mimi, lina miguu mirefu, linapita popote. Jekundu nitalifunga kamba nyuma. Mama atakaa humo na wewe dada. Akitaka kushuka utamvuta wewe. Mimi nitakuwa mbele huko, mbali."

"Na hapo umechagua nini?" nikamuuliza.

"Nitachagua njiani," akasema, na akakwepa kunitazama.

Bwana Stavro alipoombwa ruhusa alicheka mpaka akatafuta kiti, kisha akatoa kamba mpya ya mkonge. Ilikuwa ndefu kupita kiasi. Nilitaka ikunjwe mara mbili, Kombo akakataa katakata. Kamba fupi kwa mama mkwe, alisema, ni utovu wa adabu.

Kwenda Fukayosi mimi nilishika usukani wa jekundu, na kwa sababu njia ilikuwa inapanda, tulifika salama. Bi Mwanamkasi alitoka kajifunga kanga mpya. Kombo alikuwa ameshajificha nyuma ya la kijani, anaamkia kutoka huko huko. Ashatu hakutoka. Niliona tu pazia la mlango likitikisika.

Bi Mwanamkasi akayazunguka magari, kisha akasema, "Kiti cha mkubwa ni kipi?"

Nikamwonyesha kile cha abiria.

"Hapana. Cha mkubwa ni hicho chenye gurudumu la kushika."

Hakuna aliyethubutu kubishana naye. Akavua viatu, akaviacha chini kama anavyoviacha mtu anayepanda mkekani, akajiingiza nyuma ya usukani, akakunja miguu yake chini ya makalio, akatulia. Kombo akapaza sauti bila kugeuka: "Dada, mwambie mama akiona tunakwenda mbio akanyage breki, kile cha katikati!" Nikamwambia. Akanijibu kwamba yeye hakuja kukanyaga vitu vya watu.

Tukaondoka. Na wallahi mama yule alikuwa na mkono. Kombo akienda kulia, naye kulia. Kombo akikwepa shimo, naye analikwepa. Wanawake waliokuwa shambani waliweka majembe chini, wakapiga vigelegele. Bi Mwanamkasi aliwajibu kwa kuinua kidevu tu. Nikaanza kutulia, nikafikiri labda ndugu yangu ana akili ambayo sisi wengine hatujaiona.

Kisha tukafika mteremkoni.

Mimi nilikuwa nimesahau kwamba njia iliyopanda wakati wa kwenda itashuka wakati wa kurudi. Kombo, kwa uangalifu wake wote, akapunguza mwendo. Sisi hatukupunguza. Jekundu lilikuwa zito na magurudumu yake laini, likaanza kuteleza kimya kimya, kamba ikalegea, la kijani likawa linakua mbele yetu. "Mama, cha katikati!" nikapiga kelele. Miguu bado ameikalia. Akafanya alichokiweza: akakata usukani kulia. Tukatoka nyuma ya la kijani, tukaanza kulipita.

Kombo akasikia kitu ubavuni. Akageuka, akamwona mama mkwe wake anakuja njiani.

Naapa sitasahau. Mtu mwingine yeyote angepiga honi, au angepiga kelele, au angepiga shahada. Kombo alifanya kile alichofundishwa tangu jandoni. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, akatoka njiani na gari lake, akaingia kwenye shamba la muhogo, na huku anapasua miti ya watu akaita kwa adabu zote, "Shikamoo, mama!"

"Marahaba!" akaitikia Bi Mwanamkasi, tukampita.

Tulikwenda mpaka kamba ilipojinyoosha. La kijani lilikuwa limeshazama muhogoni, halitoki. Jekundu likadakwa kwa mshindo, likageuka ubavu, likasimama katikati ya njia limetazama tulikotoka. Kanga yangu ilikuwa shingoni na moyo wangu sijui ulikuwa wapi. Nikamgeukia mama yule nikitegemea matusi, na talaka ya ndugu yangu papo hapo.

Bi Mwanamkasi alikuwa anacheka. Alijifunika uso kwa kanga ili mkwe asimwone, lakini mabega yake yalimfichua. Alipopata pumzi akaniambia, "Mosi mwanangu, muulize huyo. Nani kamwambia atoke njiani?"

Kombo alikuwa amesimama kule shambani, majani ya muhogo kichwani, uso chini. Nikamuuliza.

"Hakuna mtu," akasema. "Nimetoka tu."

"Hakuuliza mtu?" akaniuliza Bi Mwanamkasi.

"Hapana."

"Basi muulize, gari lake ni lipi."

Akalitazama la kijani lililokuwa limeinamia muhogo, njiti zake zimejaa matope. "La zamani. Hili linakwenda mtu akiliamuru. Lile jekundu linajiendea."

"Na paa?"

Hapo nikamwona anainua macho kunitafuta mimi, na mdomo wake unaanza kusema "Dada, wewe waona..." Nilitaka kumjibu, Mungu anajua, jibu lilikuwa kwenye ulimi. Nikaugeuza uso wangu, nikatazama mawingu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mteremkoni.

"Makuti," Kombo akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti: "Makuti, na naanza Jumamosi."

"Turudi Fukayosi," akasema Bi Mwanamkasi. "Nyumba nitaiona siku nyingine."

Wenye shamba walikuja kukasirika, wakaelezwa, wakacheka mpaka wakasaidia kusukuma. Tukarudi kwa mwendo wa maiti, Kombo kachafuka mpaka nyusi. Mlangoni Ashatu alikuwa amesimama, safari hii bila pazia.

"Kachagua," mama yake akamwambia huku namvuta mikono kumtoa garini.

"Kachagua nini?"

"Gari na paa. Peke yake."

Ashatu alimtazama mumewe kuanzia majani ya kichwani mpaka miguuni. Alikuwa na hasira bado, na alikuwa na haki nayo. "Magari na mapaa," akasema. "Na mimi je? Siku ile ulipotuma posa, uliwauliza watu wangapi?"

Kombo akashangaa swali lenyewe.

"Wewe?" akasema. "Wewe sikumuuliza mtu."

Ashatu aliingia ndani, tukasikia sanduku likiburutwa. Mimi nililia pale pale uani, wala sikujificha.

Kurudi Bagamoyo wao wawili walikaa kwenye la kijani, na mimi nikafungwa kamba nyuma na sanduku la wifi yangu mapajani, miguu yote miwili juu ya kile cha katikati. Niliona visogo vyao tu. Kabla hatujafika walikuwa wameshaanza kubishana kitanda kikae upande gani, na Kombo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa hakubali.