Mchoro wa Manganizi

Miaka ile watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nilikuwa nafundisha kemia sekondari, Kilosa mjini. Somo la hali mbalimbali za metali ya manganizi nililipenda kwa kuwa halina porojo. Unachora grafu, kila hali unaiwekea nukta kulingana na nishati yake. Iliyo chini kabisa ndiyo imara. Iliyoinuka juu ya mstari unaounganisha jirani zake wawili haidumu: sehemu yake itapanda, sehemu itashuka.

Pamanganeti, manganizi ile ya zambarau ya kuoshea vidonda, iko juu sana mchoroni. Mwanafunzi mmoja, mbishi kweli kweli, akauliza mbona imekaa kabatini tangu muhula uliopita na rangi yake ni ileile.

“Mchoro unakuambia itaelekea wapi,” nikamjibu. “Hausemi lini.”

Wakati huo mama yangu, mjane, alikuwa ameshushwa kutoka shambani kwake mlimani na kupelekwa Magole, kwa lori lililozoea kubeba miwa ya Kidodi. Vyombo vyake vilifika vinanata. Nilipomtembelea likizo alikuwa anapika, anasalimiana na majirani, anakwenda shamba la kijiji na jembe lake. Balozi wa nyumba kumi akanihakikishia kwamba mama ameshazoea. Nikarudi kazini nimeridhika.

Masika ilipoanza, mama akaondoka bila kuaga. Balozi alinifuata shuleni kunieleza, akanikuta ubaoni. Nilimsikiliza mlangoni, nikamwomba asubiri, nikarudi kumalizia mstari. Ulinyooka vizuri. Nilijua napaswa kuogopa, lakini sikuhisi kitu, si hofu wala hasira.

Tulimkuta mlimani, kwenye nyumba iliyokwisha kuezuliwa paa. Alikuwa amefagia uwanja na kupanda maharage hadi ukingoni mwa kaburi la baba. Nikapiga goti.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.” Akamtazama balozi aliyesimama nyuma yangu, kisha akanitazama mimi. “Umekuja kunichukua, mwalimu?”

Hakuwahi kuniita hivyo; kwake siku zote nilikuwa “mwanangu”. Kwa vyeo vyao aliwaita bwana shamba, karani, watu wa aina hiyo waliokuja na maagizo. Akajifunga kanga vizuri, akachukua jembe, akatangulia kuteremka.

Aliishi Magole miaka mingi, mpaka alipofariki. Nilimtembelea kila likizo, na kila mara alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Lakini “mwanangu” hakuniita tena.