Mkono na Karatasi

Nilipokuwa mwaka wa pili wa kusomea unesi Uingereza, hospitali ya Tooting, wodini kwetu alilazwa mzee wa Kichina, baharia mstaafu. Kiingereza chake kilikuwa "thank you" tu. Siku tatu nzima hatukujua anataka nini. Alitazama ukungu dirishani, akarudisha kila gilasi ya maji tuliyompa. Mimi nilikuwa nimetoka Unguja baada ya Mapinduzi. Nilijua uzito wa kukosa wa kusema naye.

Siku ya nne, msichana wa Kijapani aliyepiga deki wodini aliinama, akaandika kwa kidole kwenye kiganja cha mzee. Mzee akafumbua macho, naye akaandika kwenye kiganja cha msichana.

"Kumbe unajua Kichina!" nikamwambia.

"Hata neno moja, Sista. Ni maandishi tu, wazee wetu waliyachukua kwao. Kila mtu hutamka kivyake, maana ni ileile. Anataka maji ya moto."

Nikaleta. Akayanywa yote.

Mimi utotoni, chuo cha Kurani, nilisomeshwa herufi za Kiarabu, nikaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti nisielewe kitu. Hawa wawili walielewana bila sauti. Nilisimama na shuka mikononi, wodi ikawa kama imezama chini ya maji, vidole vyao vikienda taratibu.

Siku moja msichana aliandika alama mbili: mkono, karatasi. Mzee akashangaa, akaonyesha choo, akatikisa kichwa kwamba hana haja.

"Kwetu hiyo ni barua, kumbe kwao ni karatasi ya chooni!" msichana akasema, uso umemwiva. Akachora bahasha na stempu.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akaandika alama nyingine: mtu, na pembeni yake neno.

"Hii kwetu ni kuamini," msichana akaninong'oneza. "Kwao ni barua pia."

Mzee akaiandika barua yake, na anwani tukaipata mfukoni mwa koti. Nikaitia posta mwenyewe.

Wiki moja baadaye akaja binti yake kutoka Liverpool, aliyelelewa na mama yake Mwingereza, Kichina hajui. Barua alisomewa na mwenye mkahawa wa Kichina.

"Muulize kwa nini hakuniambia anaumwa," akamwambia msichana, huku analia.

Msichana akaandika. Mzee akajibu kiganjani mwake.

"Anasema alikuonea haya."

Binti akamkumbatia babake. Mzee alipopata nafuu, binti akamchukua wakaishi pamoja. Msichana akapiga deki pale kilipokuwa kitanda cha mzee, polepole mno, na mimi sikumharakisha.